Mkia Ambao Sikuuinua

Mmeniomba niwaandikie kazi ya kuzuia mifugo njiani ilivyokuwa enzi za Mwingereza, ninyi vijana wa idara mnaokuja hapa kwangu Kanyenye na pikipiki za serikali na chanjo ndani ya masanduku ya barafu. Nimekubali, ila msitegemee majivuno. Kuna wastaafu wakishika kalamu tu, kila ugonjwa waliuzuia wao na kila mkubwa aliwapa mkono. Mimi niliuzuia ugonjwa mara nyingi, hilo ni kweli. Mara moja niliupisha, tena kwa adabu zote. Nitawaeleza yote mawili, na mtanisamehe nikiruka huku na huku, maana kichwa cha mzee hakifuati kalenda.

Kizuizi chetu kilikuwa magharibi ya Kigwa, juu ya ile njia kongwe ambayo babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani. Wakati wangu wapagazi walikuwa wamekwisha, mizigo imechukuliwa na treni, lakini ng'ombe walikuwa bado wanatembea kwa miguu yao. Walitoka mashariki, Ugogoni na kwingine, wakija Unyamwezi kuuzwa, kutolewa mahari, au kurudishwa kwa mwenyewe baada ya kufugwa kwa ndugu miaka mingi. Sotoka ilitembea nao. Ninyi sotoka mmeisoma vitabuni tu, mshukuru Mungu. Ng'ombe anaanza kwa homa ambayo macho hayaioni. Siku chache baadaye machozi yanamtiririka, fizi zinachubuka, anaharisha mpaka anaishiwa nguvu ya kusimama. Zizi lililokuwa na kelele Jumapili linaweza kuwa kimya Jumapili ya tatu.

Kwa hiyo serikali ikakata shauri: hakuna ng'ombe wa kuingia kutoka mashariki bila kibali na bila kupimwa. Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo refu lililolazwa juu ya panda mbili, banda la nyasi, shimo la dawa la kukanyagwa na kwato, kitabu kimoja kikubwa cha kuandikia wanaopita, na walinzi wawili, mimi na Mzee Feruzi.

Mzee Feruzi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mzaliwa wa hapa hapa Kanyenye, na vita vya Mjerumani alivimaliza akichunga nyumbu wa jeshi. Kofia yake ilikuwa nyeupe daima, na sijui aliifanyaje isiguse vumbi mahali pale. Hakusoma shule, lakini angemtazama ng'ombe kwa mbali akakwambia jana alikunywa maji au hakunywa.

"Maganga," aliniambia siku ya kwanza, "kundi likija, usimtazame anayetangulia. Anayetangulia ametangulizwa. Mtazame wa mwisho, halafu umtazame yule wa katikati anayesukumwa na wenzake."

Ni kweli, wafugaji walikuwa na ujanja wao. Walimfuta ng'ombe machozi kwa majivu. Walimpaka mavi makavu miguuni ili kuhara kusionekane. Mmoja alijaribu kumpitisha ndama mgonjwa akiwa amembeba mabegani, akituambia eti ndama amechoka safari ndefu. Mzee Feruzi alimwambia, "Basi mshushe apumzike hapa kwetu siku kumi," na yule bwana akakaa siku kumi akila ugali wetu. Ndama alikufa siku ya nne.

Lakini silaha yetu kubwa ilikuwa kipimajoto. Ng'ombe mwenye sotoka hupata homa kabla hajaonyesha kitu kingine chochote, kwa hiyo unainua mkia, unaingiza kipimajoto kilichopakwa mafuta, unangoja, unasoma. Karatasi, alikuwa akisema Mzee Feruzi, inakueleza ng'ombe alivyokuwa siku ilipoandikwa. Ukitaka kujua alivyo leo, inua mkia. Hilo lilikuwa sharti lisilo na mjadala. Awe ng'ombe wa mtemi, awe wa padri, mkia juu.

Tulikifunga kipimajoto kwa uzi, na uzi tukaubana kwenye manyoya ya mkia. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mwezi wangu wa kwanza nilikitia bila uzi na fahali mmoja akakivuta chote ndani. Mzee Feruzi hakunigombeza. Alinipa kijiti na kusema, "Mfuate." Nikamfuata fahali yule mchana kutwa kama mchumba, nikichokoa kila alichoangusha, na wapita njia wakiniuliza nimepoteza nini. Kilitoka alasiri kikiwa kizima. Mzee Feruzi alikiosha, akakisoma, akasema, "Hana homa. Ila wewe unayo."

Kwa kazi hiyo watu walitupa jina. Walituita wainua mikia. Wagogo ndio waliozidi, maana wao na sisi Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na mtani hakamatwi na sheria. Nakumbuka mmoja, mrefu, masikio yametobolewa, alisimama na ng'ombe wake akanitazama nikifanya kazi, akaita wenzake.

"Njooni mwone! Wazee wao walibeba meno ya tembo, hawa wajukuu wanapima matako ya ng'ombe!"

"Na ya Mgogo tunapima," nikamjibu. "Inama."

Tulicheka wote. Lakini niwaambie ukweli, kicheko kile kilikuwa kinaniingia. Nilikuwa kijana mwenye mke na watoto wawili, navaa sare ya khaki yenye vifungo vya kung'aa, na kijijini kwetu walijua ninafanya kazi ya serikali. Mke wangu Nyamizi alipoulizwa na mama yake ninafanya kazi gani hasa, alimjibu kwamba mimi ni karani, ninaandika vibali njiani. Haukuwa uongo, kuandika tuliandika. Mikia hakuitaja, na mimi nikamshukuru moyoni.

Sasa nifike nilikokuwa ninakwepa.

Vijana wa leo mnakaa meza moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha. Sisi wa rika langu, mtu na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, wewe mwanamume unatoka njiani, unaingia majanini hatua kadhaa, unageuza mgongo mpaka apite. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Kama una cha kumpa, unakiweka chini unaondoka, naye ndipo anakiokota. Kama una neno, unalipitisha kwa mtu wa tatu. Jina lake hulitaji, na mimi mpaka leo silitaji, ndiyo maana hapa hamtalisoma. Mbele yake hutamki kitu chochote cha maungo, awe mtu awe mnyama. Mchungaji wetu wa Kimoravian alituhubiria tuache mambo hayo, tukamwitikia amina, na tulipotoka kanisani nikamwona mama mkwe anakuja upande wangu, nikageuka nikatazama ukuta.

Mama mkwe alikuwa mjane. Aliishi upande wa Isikizya na alikuwa na ng'ombe kumi na moja, mali yote aliyoachiwa. Mtoto wake wa kiume, Shija, ndugu wa pekee wa Nyamizi, alikuwa ameondoka kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na alikuwa ametuma habari kwamba anarudi kuoa. Binti alikuwepo, wazazi wamekubali, ng'ombe wa mahari wametajwa. Alikuwa amepungua mmoja tu. Mama mkwe akakumbuka mtamba wake aliyekuwa anafugwa na kaka yake mashariki ya Kigwa, akaenda mwenyewe kwa miguu kumchukua. Mwanamke kuswaga ng'ombe safari ndefu halikuwa jambo la kawaida, lakini angemtuma nani?

Siku aliyofika kizuizini, Mzee Feruzi alikuwa amekwenda Tabora mjini kuchukua dawa ya shimo. Nilikuwa peke yangu. Ilikuwa asubuhi jua limeshapanda, nimekaa kwenye kigogo natengeneza uzi wa kipimajoto, nikaona kwa mbali mwanamke amevaa kaniki anamvuta mtamba mwekundu kwa kamba. Nilimtambua kwa mwendo. Miguu yangu ilitangulia kabla ya akili. Nikaruka kutoka kwenye kigogo, nikaingia majanini, nikampa mgongo, na kipimajoto nikakificha nyuma ya paja kama mwizi.

Nilisikia kwato zinasimama. Nilisikia akikohoa kidogo, kile kikohozi cha mkwe cha kukujulisha kwamba yupo. Kisha nikasikia karatasi inawekwa chini na jiwe linawekwa juu yake. Alikuwa na kibali, mama wa watu, amekitafuta kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji cha huko alikotoka, kina mhuri. Kisha akangoja.

Alingoja, vijana. Hilo mlishike. Hakunipita kwa nguvu wala kwa ujanja. Alisimama pale akingoja karani afanye ukarani wake.

Mimi nikiwa majanini nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: nitauinuaje mkia wa ng'ombe mbele ya mama mkwe? Nyamizi amemwambia naandika vibali. Nitoke hapa na kijiti cha kioo kilichopakwa mafuta, nimpite, niinue mkia, nimchomeke ng'ombe wake, nisimame hapo nikingoja, naye akiona? Nilihisi ni afadhali ardhi inimeze. Ningeweza kumwomba mpita njia amwambie amfunge mtamba akakae mbali nyuma ya banda. Ningeweza kumwambia angoje Mzee Feruzi, ambaye angerudi jioni. Hayo yote yalinijia baadaye, yalipokuwa hayana kazi. Wakati ule nilinyoosha mkono tu nikiwa nimempa mgongo, nikaonyesha upande wa magharibi, maana yake pita.

Akapita. Na katika kupita, nilichungulia kwa pembe ya jicho, si yeye, bali ng'ombe. Masikio yalikuwa yamelala. Majani mabichi yalikuwa yamejaa pembeni mwa njia na yule mtamba hakuyagusa. Niliyaona hayo. Nimejidanganya miaka mingi kwamba sikuyaona.

Alipopotea nikaenda kuokota karatasi. Ilikuwa safi, lakini ilikuwa imeandikwa siku tano nyuma. Nikafungua kitabu kikubwa. Kuandika "amepimwa" niliona aibu. Kuandika "hakupimwa" niliogopa. Nikakifunga kitabu bila kuandika kitu, karatasi nikaitia mfuko wa shati. Mzee Feruzi aliporudi aliuliza, "Wangapi leo?" Nikamjibu, "Hakuna."

Habari ilikuja kupitia Bwana Mifugo, Mzungu wetu, siku nyingi hazijapita. Sotoka upande wa Isikizya. Tuliambiwa twende sote na majembe. Nilijua ni kwa nani kabla hatujafika, na njiani nilikuwa namwomba Mungu iwe kwa mtu mwingine, ombi baya sana hilo, namwombea jirani balaa. Ilikuwa ni kwake. Mtamba mwekundu alikuwa amekufa wa kwanza. Tulichimba mashimo tukawafukia ng'ombe wa mama mkwe wangu mmoja mmoja, tukaweka miiba juu fisi wasiwafukue. Tisa wa kwake walikufa, pamoja na huyo mtamba. Wawili waliugua wakapona. Majirani nao walipoteza, wengine zizi zima, na watoto waliozoea maziwa walikuwa wanatuangalia tunachimba. Mama mkwe alikaa ndani, mimi nikachimba nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Ndipo likaitwa baraza la mtemi. Bwana Mifugo alitaka kujua ugonjwa ulipitia wapi. Kitabu chetu kilikaguliwa, siku ile haina ng'ombe hata mmoja. Wakamsimamisha mama mkwe katikati ya watu.

"Mtamba ulimpitishia wapi?" karani wa baraza akamuuliza. "Ulipita kizuizini?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na sare yangu, uso nimeugeuzia pembeni, kama mkwe mwema. Heshima ilinifaa sana siku ile. Karatasi yake ilikuwa bado mfukoni, upande wa moyo, na nilikuwa naisikia kila nikivuta pumzi. Nilijua anachopaswa kusema ni neno moja tu: nilipita, mkwe wangu alinipisha. Angesema hivyo, mimi ningevuliwa sare pale pale na kufungwa, na yeye angekwenda nyumbani.

Alirekebisha kaniki yake begani. Kisha akasema, "Nilipita porini."

"Kwa nini ulikwepa kizuizi?"

"Nilikuwa na haraka. Mwanangu anaoa."

Watu walimzomea. Majirani zake, aliowapa maziwa na kuwazikia wafu wao, walimwita mchawi wa ng'ombe. Nilifungua mdomo, nawaapia nilifungua mdomo, halafu nikamfikiria Nyamizi na mimba yake ya tatu, nikafikiria vifungo vya sare, nikaufunga. Baraza likamtoza faini ya wale ng'ombe wawili waliopona. Kila mfugaji anajua ng'ombe aliyepona sotoka haiugui tena, ni mali kuliko kundi. Wakaswagwa mbele ya macho yake.

Tulipokuwa tunarudi Kigwa, Mzee Feruzi alisimamisha baiskeli yake.

"Maganga, kitabu hakisemi kitu. Wewe je?"

"Sina kitu, Mzee."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama ng'ombe, kisha akapanda baiskeli. Hakuniuliza tena mpaka alipostaafu. Lakini pia hakunifundisha tena, na hakunitania tena. Tulifanya kazi miaka mingine mitatu katika banda moja, na mazungumzo yetu yalikuwa salamu na idadi ya ng'ombe.

Shija alirudi kutoka mkonge na nguo mpya, akakuta zizi tupu na mama anayezomewa kisimani. Wazazi wa binti walingoja msimu mmoja, wakamwoza mtu mwingine, na siwezi kuwalaumu. Shija akarudi Tanga. Barua mbili zilikuja, ya tatu haikuja. Mama yake hakumwona tena mpaka anaingia kaburini.

Mimi nilipanda cheo. Baadaye ikaja ile chanjo iliyotengenezwa kwa mbuzi, tukawa tunachanja kijiji kwa kijiji, na sotoka ikaanza kurudi nyuma. Nilikuwa hodari, niliinua mikia mbele ya wanawake, wachungaji na wakubwa wa serikali, sikumbakiza mtu. Wenzangu walinisifu kwa ukali wangu. Walidhani ni bidii.

Niliungama nikiwa na mvi. Mama mkwe alikuwa amezeeka, macho yamefifia, tumemleta kukaa kwetu. Alikaa ndani ya chumba chake, mimi nikakaa nje nimeegemeza mgongo ukutani, na Nyamizi akakaa kizingitini katikati yetu ili apitishe maneno, kama desturi ilivyotaka. Nyamizi mwenyewe alikuwa hajui. Miaka yote ile alikuwa akiamini mama yake alipita porini, na mara moja moja alimlaumu kwa hilo, nami nikimsikia.

"Mwambie mama," nikasema, "mwambie kwamba siku ile ya mtamba mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mwambie sikumpima ng'ombe kwa sababu niliona haya kuinua mkia mbele yake. Mwambie pale barazani nilikuwa na karatasi yake mfukoni."

Nikangoja Nyamizi apeleke. Hakupeleka. Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji, akasema, "Maganga," basi. Wala hapakuwa na haja, chumba chenyewe kilikuwa kidogo na mama alikuwa anasikia vizuri.

Kisha mama mkwe akavunja desturi ya maisha yake yote. Alisema nami mwenyewe, kupitia ule mlango, bila mtu wa kati.

"Ungeinua mkia, baba," alisema. "Ningegeuka mimi."

Ndiyo maneno pekee aliyowahi kunitamkia.